Franco Luambo Makiadi: Msiba uliomnyamazisha mfalme wa rumba

Agosti 5, 1970, ajali ya gari mjini Kinshasa ilimuua Siongo Bavon, kijana wa miaka 26 aliyejulikana na wengi kwa jina la Bavon Marie-Marie. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Négro Succès na kipenzi cha vijana wa jiji. Kaka yake, François Luambo Makiadi, ambaye dunia ilimfahamu kwa jina la Franco, aliweka gitaa chini. Mtu aliyekuwa akiishi kwa muziki tangu akiwa na miaka 15 alikaa miezi kadhaa bila kutaka kusikia habari za jukwaa.

Kwa wapenzi wa rumba wa Uvira, kuanzia bandari ya Kalundu hadi Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi, Franco ni jina lisilohitaji utambulisho. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ufukwe huu wa Ziwa Tanganyika, na nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kilingala, lugha ambayo huku Kivu ililetwa zaidi na wanajeshi na muziki wenyewe. Hata hivyo sauti ya gitaa lake ilifika, ikavuka ziwa hadi Kigoma na Bujumbura, ikawalea wapiga gitaa wa pande zote tatu.

Kinachosimuliwa zaidi juu yake ni ukubwa: mwili mkubwa, bendi kubwa, utajiri mkubwa, ukaribu na wakubwa wa nchi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni mzigo aliobeba mtu huyo, na jinsi kazi ya muziki ilivyomnyima nafasi ya kuutua.

Mtoto wa mama muuza mandazi

Franco alizaliwa Julai 6, 1938 katika kijiji cha Sona Bata, Kongo ya Chini, wakati nchi ikiwa bado koloni la Ubelgiji. Baba yake alifanya kazi katika shirika la reli. Familia ilihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mama yake, Mama Makiese, akawa anauza mandazi katika soko la Ngiri-Ngiri.

Mwaka 1949 baba alifariki. Franco alikuwa na takriban miaka 11. Shule ikaishia hapo, kwa kuwa hapakuwa na wa kulipa karo. Alikwishajitengenezea gitaa la bati na nyaya, na alikuwa akilipiga karibu na meza ya mama yake sokoni ili wateja wasogee. Inafaa kulishika hilo, maana linaeleza mengi ya baadaye: kwa Franco, muziki haukuanza kama burudani. Ulianza kama njia ya kuiletea nyumba chakula.

Mwalimu wake wa kwanza wa kweli alikuwa Paul Ebengo, maarufu kama Dewayon, jirani aliyekuwa na gitaa halisi. Mwaka 1953 wawili hao walifika katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara wa Kigiriki, Basile Papadimitriou. Mwanamuziki Henri Bowane, aliyekuwa na kauli kubwa pale studio, alimsikiliza kijana yule na kuona kuwa ni wa aina yake. Ndiye anayetajwa kumpa jina la Franco. Akiwa na miaka 15 akawa na mkataba, gitaa jipya na sahani yake ya kwanza ya santuri. Pia akawa na wadogo zake wa kuwatazama, mmoja wao akiwa Bavon.

Juni 6, 1956, wanamuziki wa Loningisa waliokuwa wakipiga katika baa ya Oscar Kashama waliunda bendi, na herufi za jina la mwenye baa zikawa jina lao: OK Jazz. Franco alikuwa bado hajatimiza miaka 18. Kati ya waanzilishi walikuwamo Jean Serge Essous, mpuliza klarineti na saksafoni kutoka ng'ambo ya mto, Brazzaville, na mwimbaji Vicky Longomba. Essous na baadhi ya wenzake waliondoka mapema. Vicky naye, mwaka 1960, alichukuliwa na Joseph Kabasele kwenda Brussels wakati wa mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo, safari iliyozaa wimbo maarufu wa Indépendance Cha Cha. Franco alibaki Léopoldville kuishikilia bendi. Kuanzia hapo mzigo wa OK Jazz ukawa begani mwake.

Bosi, mtunzi, mpiga gitaa na mlipaji

Katika miji yetu bado kuna watu wanaodhani kazi ya mwanamuziki ni kulala mchana na kufurahi usiku. Ratiba ya bendi ya Kinshasa ya miaka ya 1960 ilikuwa mazoezi mchana, dansi kuanzia jioni hadi usiku wa manane au alfajiri, studio katikati ya wiki, na safari za mikoani kwa gari au ndege pale ilipowezekana. Mwenye bendi ndiye aliyemiliki vyombo. Ndiye aliyelipa mishahara, na mara nyingi ndiye aliyefuatwa pia kwa kodi ya nyumba, gharama za hospitali na misiba ya wanamuziki wake. Mwanamuziki akikosana naye hakuwa na chombo cha kuondoka nacho. Mwenye bendi naye, mwimbaji wake akiondoka, alibaki na nyimbo ambazo hakuna wa kuziimba.

Franco alikuwa bosi wa aina hiyo, na pia mtunzi mkuu na mpiga gitaa la solo. Alikuwa mkali. Waliofanya naye kazi walimwogopa na kumtegemea kwa wakati mmoja. Mwaka 1967 kundi la wanamuziki wake muhimu, wakiwamo Kwamy, Mujos na mpiga besi Brazzos, lilijitoa na kuunda Orchestre Révolution. Mwaka 1969 aliondoka Verckys Kiamuangana, mpuliza saksafoni ambaye kwa mashabiki wengi alikuwa nusu ya sura ya bendi, akaanzisha Orchestre Vévé. Katika biashara ya kawaida mfanyakazi akiacha kazi unatafuta mwingine. Katika bendi aliyeondoka huenda kuimba jukwaa la mtaa wa pili, na mara nyingine hutunga wimbo wa kukusema, nao unapigwa redioni nchi nzima. Vijembe vya namna hiyo vilirushwa pande zote mbili, na Franco mwenyewe hakuwa mnyonge katika kurusha.

Juu ya hayo kulikuwa na dola. Mwaka 1966, baada ya Jenerali Mobutu kuwanyonga hadharani wanasiasa 4 mbele ya umati mjini Kinshasa, Franco alitoa wimbo uitwao Luvumbu Ndoki, ambao wasikilizaji waliuelewa kuwa unagusa mauaji yale. Santuri iliondolewa madukani, naye akahojiwa na kuvuka mto kukaa Brazzaville kwa muda. Aliporudi alijifunza kuishi na utawala ule: kusifu pale alipotakiwa kusifu, kuficha maneno pale alipotaka kusema. Mwaka 1984 alitoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni. Wapo wanaomlaumu hadi leo kwa hilo, na lawama hiyo ina msingi, ingawa inasahau kwamba mtu yule yule alikwisha kukimbia nchi yake kwa sababu ya wimbo.

Huo ndio uliokuwa mzigo wake hata kabla ya Agosti 1970.

Bavon

Franco hakutaka mdogo wake afuate njia ya muziki, ndivyo inavyosimuliwa. Kama ni kweli, hakusikilizwa. Bavon alijiunga na Négro Succès, bendi iliyoasisiwa mwaka 1960 na Vicky Longomba, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa nyota kwa haki yake mwenyewe. Gitaa lake lilikuwa la kasi na la ujana, mavazi yake yalifuata mtindo, na wasichana wa Kinshasa walimpenda. Ndugu wawili walikuwa na bendi mbili katika jiji moja, wakigombea wateja wale wale wa mwisho wa juma.

Katika ajali ile, mpenzi wa Bavon aliyekuwa naye garini alinusurika akiwa na majeraha mabaya ya miguu. Bavon alikufa. Kabla machozi hayajakauka, mitaa ya Kinshasa ilikuwa na maelezo yake. Kuna waliodai kwamba ndugu hao waligombana usiku ule kwa sababu ya mwanamke. Wengine walikwenda mbali zaidi: kwamba Franco alimtoa mdogo wake kafara ili muziki wake ustawi. Hapakuwa na ushahidi wa lolote kati ya hayo, lakini uvumi haukuhitaji ushahidi. Msomaji wa Uvira hatashangaa sana, maana hata huku kifo cha ghafla cha kijana katika familia yenye mali huwa hakikosi mtu wa kunyooshewa kidole.

Kwa hiyo Franco alifiwa mara mbili. Alimpoteza mdogo aliyemlea, kisha akapoteza hata haki ya kumlilia kama watu wengine wanavyowalilia ndugu zao, kwa sababu kila chozi lake lilitazamwa kwa jicho la mashaka. Aliacha kupanda jukwaani. OK Jazz iliendelea kwa kuchechemea. Mwaka ule ule Vicky Longomba aliondoka tena, safari hii kwenda kuanzisha bendi yake, Lovy du Zaïre.

Na wakati haukumsubiri. Zaïko Langa Langa, iliyoundwa Desemba 1969 na vijana wasiotaka saksafoni wala heshima za wazee, ilikuwa inawavuta wanafunzi wa jiji. Desemba 1970 mpinzani wake mkubwa, Tabu Ley, wakati huo akiitwa Rochereau, alipanda jukwaa la Olympia mjini Paris, ukumbi ambao kwa msanii wa Kiafrika wa enzi zile ulikuwa kama kilele cha mlima. Mtu aliyeitwa mchawi wa gitaa alikuwa nyumbani na msiba wake huku wenzake wakipanda.

Kuiita hali ile sonona leo, bila daktari aliyemwona, itakuwa ni kuvuka mpaka. Dalili zilizo wazi zinatosha: kuacha kazi aliyoipenda, kujitenga, kukata tamaa ya kurudi. Dawa aliyoijua ilikuwa moja. Aliporejea studio alimwimbia Bavon wimbo uitwao Kinsiona, na hakuuimba kwa Kilingala cha dansi bali kwa Kikongo, lugha ya mama yake. Ni wimbo wa taratibu, wa mtu anayeomboleza nyumbani kwao. Anayemjua Franco wa vijembe na mzaha akiusikiliza kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni mtu mwingine.

Kuimba msiba ni jambo la zamani kwetu, na lina nguvu yake. Wabembe, Wafuliru na Wavira wana nyimbo za kilio, na makanisa ya Uvira yana kwaya zinazokesha na wafiwa. Tofauti ni kwamba mwombolezaji wa kawaida huimba na watu wake, kisha anapumzika. Mwanamuziki wa kulipwa huimba msiba wake mbele ya watu waliolipa kiingilio, na kesho yake huombwa aurudie.

Sanaa inayouma anayeifanya

Wataalamu wa nchi nyingine wamelitazama jambo hili kwa karibu katika miaka ya hivi karibuni. Nchini Uingereza, shirika la kusaidia wanamuziki la Help Musicians UK liliwaomba watafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster kufanya uchunguzi, na mwaka 2016 walitoa majibu ya watu zaidi ya 2,200 wanaofanya kazi katika muziki. Asilimia 71 walisema wamewahi kupata hofu kali au mshtuko wa hofu, na karibu asilimia 69 walisema wamewahi kuwa na sonona. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo takwimu hizo hazipaswi kuchukuliwa kama kipimo cha wanamuziki wote. Lakini sababu walizozitaja zinafanana ajabu na maisha ya Kinshasa ya 1970: kipato kisichotabirika, kazi za usiku, kutojua kesho, kukosolewa hadharani, na kuona aibu kuomba msaada kwa sababu watu wanaamini unafanya kazi ya raha.

Katika muziki wa roki simulizi za aina hii zimekuwa karibu sehemu ya historia yake. Mwezi mmoja tu baada ya kifo cha Bavon, Septemba 1970, mpiga gitaa Jimi Hendrix alikufa mjini London akiwa na miaka 27, na Oktoba akafuata mwimbaji Janis Joplin, naye wa miaka 27. Vifo vile viliandikwa sana na kuzua mjadala juu ya dawa za kulevya na upweke wa wasanii. Huku kwetu mjadala ulihusu uchawi.

Mwanamuziki wa Uvira mwenye shida ya akili leo ana pa kwenda, japo si karibu. Bukavu kuna kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, na ng'ambo ya mpaka, mjini Bujumbura, kuna kituo cha Kamenge. Vyote ni kazi ya Mabradha wa Upendo. Mpaka ukifungwa au barabara ya Kamanyola ikiwa na mapigano, njia hizo hupotea, na anayebaki ni mchungaji, mganga wa kienyeji au baa. Franco, pamoja na mali zake zote, alikuwa na hao hao.

Kurudi kwa kishindo

Alirudi, na alirudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwaka 1972, chini ya sera ya Mobutu ya kurejea asili, majina ya Kikristo yalitupwa. François akawa L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Bendi ikawa TP OK Jazz, herufi za mbele zikimaanisha mwenye nguvu zote. Sam Mangwana alijiunga mwaka 1972, Josky Kiambukuta akafuata, na Simaro Lutumba, aliyekuwa ndani tangu 1961, akawa mtu wa kuishika bendi wakati bosi hayupo. Wimbo wa Simaro uitwao Mabele, ulioimbwa na Mangwana mwaka 1974, unahesabiwa na wengi kuwa kati ya tungo bora kabisa za Kongo. Septemba mwaka huo TP OK Jazz ilipiga katika tamasha la Zaire 74 mjini Kinshasa pamoja na James Brown na B.B. King, kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Franco akawa na klabu yake, Un-Deux-Trois, na lebo zake za santuri. Baadaye akaanza kuitwa Grand Maître, bwana mkubwa. Mwaka 1978 bwana mkubwa huyo alitupwa gerezani. Nyimbo mbili, Hélène na Jacky, zilizotoka kwa siri kwenye kaseti, zilikuwa na matusi ya nguoni waziwazi, na mwendesha mashtaka mkuu, Kengo wa Dondo, akamfikisha mbele ya sheria. Alihukumiwa kifungo cha miezi 6 pamoja na baadhi ya wanamuziki wake, akaachiwa kabla ya muda kwisha. Katika hili hakuonewa sana. Nyimbo zile zilikuwa chafu kweli. Ila inashangaza kwamba mtu mwenye kila kitu cha kupoteza alizitoa, na waliomfahamu walianza kuona hasira ambayo haikuwa na mlango wa kutokea.

Miaka ya 1980 aliishi zaidi Ulaya, Brussels na Paris, kwa ajili ya studio bora na pesa za kigeni. Bendi ilikuwa imefikia watu zaidi ya 30, ikagawanywa: kundi moja Ulaya, jingine Kinshasa likimsubiri bosi. Kila upande ulihisi umetelekezwa. Mwaka 1983 alizuru Marekani, na mwaka huo huo akapatana na Tabu Ley na kurekodi naye, jambo ambalo mashabiki wa pande mbili walikuwa hawakutegemea kuliona. Mwaka 1985 ukaja Mario, kisa cha kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, ukiimbwa na Madilu System huku Franco akizungumza juu ya gitaa. Katika Afrika Mashariki hakuna wimbo wake uliopigwa zaidi ya huo. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake alishiriki katika nyimbo zinazokaribia 1,000. Mtu akigawa idadi hiyo kwa miaka 36 ya kazi anapata zaidi ya wimbo mmoja kila wiki mbili, bila likizo.

Mwili unapungua, kazi inaendelea

Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo mrefu wa kuonya juu ya ukimwi, Attention na Sida, sehemu kubwa ikiwa kwa Kifaransa ili ufike mbali. Ulitoka wakati viongozi wengi wa Afrika walikuwa bado wanaona haya kuutaja ugonjwa huo hadharani. Miaka michache baadaye mwanamuziki mwingine wa Kongo, Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefanya makao Dar es Salaam, alitunga Mambo kwa Soksi kuhusu kinga, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga.

Kipindi hicho hicho mwili wa Franco, uliokuwa na uzito wa kilo zaidi ya 130, ulianza kupungua. Kinshasa ikaanza tena. Alikwisha kufa, walisema, na kinachoonekana Ulaya ni mtu mwingine. Ana ukimwi, walisema, na ndiyo maana aliuimba. Yeye alikana, na jamaa zake walitaja figo. Alijibu kwa njia aliyoizoea, kwa kutunga wimbo juu ya wanaomzushia kifo. Uvumi wa mwaka 1970 ulimkuta ana miaka 32 na nguvu za kusubiri upite. Huu ulimkuta mgonjwa, mbali na nyumbani, na bendi yake ikianza kuvunjika vipande, kwa kuwa wanamuziki waliona wazi kwamba mlipaji anakwisha.

Hakuacha kazi. Mwaka 1989 alirekodi na Sam Mangwana albamu yao ya mwisho pamoja, na picha ya kwenye jalada ilionyesha mtu mwembamba ambaye mashabiki walihitaji kusoma jina ili kumtambua. Septemba 22, 1989, alipandishwa jukwaani mjini Amsterdam, katika ukumbi wa Melkweg. Alikaa muda mfupi, hakuweza kuendelea. Ni vigumu kuielewa safari ile kama si kwa kumkumbuka mtoto wa soko la Ngiri-Ngiri: gitaa likinyamaza, wateja wanaondoka mezani.

Oktoba 12, 1989, Luambo Makiadi alifariki hospitalini karibu na Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Mwili ulirudishwa Kinshasa, na Mobutu akatangaza siku 4 za maombolezo ya kitaifa. Redio ya taifa ilipiga nyimbo zake mfululizo. Umati ulijaa barabarani hadi siku ya mazishi, Oktoba 17, katika makaburi ya Gombe. Miongoni mwa waliolia walikuwamo bila shaka wengi waliokuwa wameubeba uvumi ule.

TP OK Jazz iliendelea kwa miaka 4 chini ya Simaro. Kisha familia ya marehemu na wanamuziki walishindwa kuelewana juu ya mgawo wa mapato, vyombo vikarudi kwa familia, na bendi iliyoanzishwa Juni 1956 ikafa. Januari 1994 Simaro na wenzake waliunda Bana OK, wakaanza upya wakiwa watu wazima, na yeye aliendelea na muziki hadi uzeeni. Alifariki mjini Paris Machi 30, 2019. Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Kinsiona, wimbo wa Bavon, bado unapatikana mtandaoni.